Nilimjibia Dada Yangu Katika Riwaya

Wapendwa, wa msikitini na wa kanisani, na nyinyi wawili wa nyuma ambao najua hamwendi popote, nawasalimu wote kwa pamoja. Mwenyekiti amenipa nusu saa. Kwa mtu aliyesoma kama mimi nusu saa ni utangulizi tu, lakini nitajibana.

Sheria ya duara letu mnaijua. Tunasoma riwaya, tunasimuliana maisha, hatutaji jina la mtu. Kwa hiyo leo hamtasikia jina lolote.

Kwanza mjue nilianguka kutoka urefu gani. Nimezaliwa hapa Mbuya, kwenye mlima huu wa Kampala, katika nyumba za askari. Baba alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, Mkatoliki. Mama ni Mnubi, wa wale ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari wa Mwingereza, na ni Mwislamu wa swala tano. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu mdogo. Nilipomaliza sekondari nilikwenda Tanzania, Morogoro, na mashati mawili. Huko nilibeba zege, nilipiga lipu, niliosha masufuria ya bweni, na katikati ya hayo nikasoma mpaka nikapata diploma ya ualimu wa Kiswahili. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilirudi Kampala baada ya miaka minane, na nawaambia bila aibu, Mbuya nzima hakukuwa na mtu mwenye Kiswahili kama changu. Watu wa kambini walinisikiliza nikiagiza chai kana kwamba ni taarifa ya habari.

Na nilirudi na muswada wa riwaya begini.

Nyinyi mnazipenda riwaya za vijana, ndiyo maana mko hapa. Mimi nilikuwa nimezisoma mpaka nikajua njia yake nikiwa nimefumba macho. Kijana hajijui. Anahangaika na dini ya nyumbani kwao. Anapenda mtu asiyetakiwa. Anakataliwa, analia, halafu ukurasa wa mwisho anajua yeye ni nani na kwao ni wapi. Nikasema, hii naiweza. Ninachokosa ni kijana mmoja tu wa kweli.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa lenyewe.

Nyumba kama yetu, ya baba wa kanisa na mama wa msikiti, ina desturi yake, na wengi wenu mmelelewa hivyo hivyo. Mtoto ana majina mawili. Ijumaa anamfuata mama, Jumapili anamfuata baba. Idi tunakula, Krismasi tunakula. Na hakuna mtu anayemuuliza mtoto yeye ni wa upande gani, mpaka zije siku mbili, ya kuolewa na ya kuzikwa. Siku hizo wakubwa hukaa wakazungumza polepole. Kabla ya hapo mtoto anaachwa. Mimi, na diploma yangu, niliona desturi hiyo ni uoga. Niliona wazee wetu wanakwepa swali.

Baba alipougua nilikuwa Morogoro na mitihani. Sikurudi. Aliyemuuguza ni dada yangu, wakati huo ana miaka kumi na saba. Wiki ya mwisho Baba alimwomba padre, na siku padre alipokuja, Mama akiwa sokoni, dada yangu alibatizwa kando ya kitanda cha Baba. Siku chache baadaye akanitumia sauti kwenye simu. Naikumbuka neno kwa neno.

"Kaka, mimi nilibatizwa. Sijui ni kwa ajili ya Mzee ama ni kwa ajili yangu. Mama usimwambie. Mimi nitajua mwenyewe."

Baada ya mazishi akarudi kwenye Ijumaa zake kama kawaida. Kaka wa watu angeisikia sauti ile akamwombea mdogo wake, akanyamaza. Mimi nilifungua daftari.

Ndugu zangu, nawaambia, nilijificha vizuri. Msichana wa riwaya nilimfanya mrefu, wakati dada yangu ni mfupi. Nilimweka Katwe, mtaa wa mafundi vyuma, nikampa baba fundi wa mageti. Jina nilimbadilishia mara tatu. Lakini ile "nitajua mwenyewe" sikuiacha ilivyo. Riwaya haiwezi kuishia hapo, msomaji atakasirika. Kwa hiyo nikaamua mimi. Siku ya harusi yake na kijana wa Kiislamu, msichana wangu anasimama mbele ya wageni, anasema moyo wake ulibaki pale kitandani kwa baba yake siku aliyobatizwa, anavua shela, anaelekea kanisani, na huko anajipata. Nilipoandika neno la mwisho nililia. Nililia kwa jinsi nilivyokuwa nimeandika vizuri.

Niliporudi nyumbani nikakuta dada yangu amechumbiwa. Mchumba ni Mnubi, fundi umeme, mtu wa maneno machache. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kukaa. Walikuwa wamemuuliza Mama, Mama akajibu kwa anavyojua, kwamba binti ni wa Ijumaa. Ndoa ilikuwa ingojee Idi ipite. Dada yangu siku hizo alikuwa anaimba akifagia. Sikumuuliza kama amemwambia mchumba. Wala sikuona kwamba kitabu changu na ndoa yake ni vitu vinavyokaribiana. Yule wangu alikuwa mrefu, wa Katwe.

Nikachapisha. Nikakodi ukumbi hapa hapa mlimani, Jumamosi mchana, nikaita watu waje kukizindua kitabu. Na kwa kiburi changu nikawaalika ukoo wa mchumba, wakae mstari wa mbele, waone wanaoa kwenye nyumba ya namna gani. Shangazi wa bwana harusi alikaa katikati. Mwanamke mkubwa, wa heshima, mfumaji wa makawa ya kufunikia chakula tangu utoto.

Nikasoma sura ya mwisho. Nilisoma vizuri, sitawadanganya.

Katika sura ile nilikuwa nimeeleza kawa lililofunika sinia ya bibi harusi. Mwandishi anahitaji vitu vya kweli, la sivyo hadithi inaelea hewani. Nikaliandika kawa ninalolijua, la haboba. Ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Duru tatu nyekundu, moja nyeusi, halafu ya kijani inayokatika kidogo kabla haijafunga. Mimi ni mwanamume. Tangu lini nikajua kwamba kila nyumba ya wafumaji ina mpango wake wa rangi, na kwamba mwanamke wa Kinubi analitazama kawa akajua limetoka kwa nani?

Shangazi akainua mkono.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Hapo kwa kawa soma tena."

Nikafurahi. Nilidhani amependa. Nikarudia, na sauti nikaipamba.

"Kijani nakatika mbele ya kufunga?"

"Ndiyo, shangazi. Inakatika."

"Hii kawa mimi najua. Ni ya haboba yenu. Kampala hii hakuna nyumba ingine nafuma hivi." Hakuwa na hasira. Akageuka polepole, akamtazama dada yangu aliyekuwa amekaa karibu na Mama. "Sasa huyu msichana wa kitabu, ni nani alimbatiza?"

Ukumbi mzima ukatazama alikotazama yeye. Dada yangu aliinamisha kichwa, na kwa wanaotujua, hilo lilikuwa jibu. Mama alimshika mkono, halafu akauachia. Niliuona ule mkono ukiachiwa.

Bado ningeweza kumwokoa. Ningesema, shangazi, ni hadithi tu, kawa nililikopa, msichana nimemtunga. Sentensi moja. Mnajua nilisema nini? Niliwahutubia. Nilisema fasihi huchota maji yake kwenye kisima cha maisha. Nilisimama pale na joho la mahafali, maana nilikuwa nimevaa joho, nikatoa mhadhara, na kila neno lilikuwa linamthibitisha.

Shangazi akangoja nimalize. Akasema, "Sisi si watu ya fujo. Tumesikia. Tutatuma neno."

Wakatoka wote, taratibu, wakitushika mikono mlangoni kama watu wanaotoka msibani. Neno lilikuja baada ya siku tatu. Walisema hawamchukii binti. Walisema waliuliza swali mbele ya wazee na wakapewa jibu lisilo kamili, na ndoa haijengwi juu ya hilo. Mama aliambiwa hivyo mbele ya majirani, mwanamke ambaye hakujua lolote.

Mchumba mwenyewe alipiga simu mara moja. Nilikuwa sebuleni, nilimsikia dada yangu akiitikia, ndiyo, ndiyo. Mwishowe akasema, "Unaniuliza mimi ni nani? Uliza kaka yangu. Yeye ndiye nilisikia anajua." Akakata.

Wiki ile ile akahamia Namuwongo, chumba kimoja karibu na reli, na cherehani yake. Hakunitukana. Nilikuwa natamani anitukane.

Na Mama? Mama alinihukumu kwa neno moja. Jioni ya kwanza baada ya dada kuondoka aliniandalia chakula, akaniambia, "Mgeni, chakula chako kiko pale." Nikadhani ni mzaha. Kesho yake tena, mgeni. Mgeni, maji ya kuoga yako tayari. Mgeni, funga mlango ukitoka. Mtoto wake wa kwanza, wa joho.

Ndugu zangu, hapo nilishuka. Niliacha kwenda popote kusali, si Ijumaa si Jumapili, maana kila nilikoinamisha kichwa nilimwona yeye akiinamisha chake. Shule iliyokuwa imeniahidi kazi nikaacha kuipigia. Maboksi ya vitabu yalikuwa chini ya kitanda changu, nikilala naona kama nimelala juu ya mtu. Nilikwenda Namuwongo mara tatu. Mara ya kwanza nilimweleza dada yangu maana ya kazi ya sanaa. Ya pili nilimweleza kwamba watu wale ni wa zamani, hawakumstahili. Ya tatu nilimwandikia msamaha kurasa nne, kwa Kiswahili safi, nikamsomea mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, mara zote tatu, akasema, "Sawa kaka," akafunga mlango bila kuubamiza.

Baada ya ile ya tatu nilikaa kando ya reli. Nawaambia wazi, kwa sababu humu kuna vijana na huenda kuna aliyewahi kukaa pale. Nilikaa nikiingoja treni, na sikuwa naingoja ili nisafiri. Lakini treni zetu za mizigo mnazijua, hazina saa. Jua likanichoma, kiu ikanishika, nikainuka nikatafute maji. Sina cha kujisifu katika hilo. Niliishi kwa sababu ya kuchelewa kwa wengine.

Nikaenda Katwe, palepale nilipomweka msichana wa kitabu bila ya kuwahi kukaa hata siku moja. Nikapata kibarua kwenye karakana ya majiko, kukunja mabati na kuyagonga. Mikono iliyozoea lipu haikuona tabu. Lakini wenzangu walijua nilikotoka, na mdomo wa Katwe hauna huruma.

"Mwalimu, hii nyundo kwa Kiswahili ya Morogoro inaitwa nani?"

"Mwacheni bambi, maskini, anatunga. Kesho utajisoma kwa kitabu, wewe na hiyo kichwa yako kubwa."

"Mimi aniandike, lakini anipunguze umri."

Nilicheka nao kwa meno tu. Nilikuwa nagonga bati tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja ili nisisikie kitu kingine chochote. Miezi ilipita hivyo. Nilikonda. Nilidhani ndivyo nitakavyokwisha, polepole, mtu wa diploma katikati ya vyuma.

Siku moja akaja mwanamke kununua jiko. Mjane wa polisi, mnene wa sauti, na mnamjua, maana ndiye amekaa pale ananitazama niharakishe. Alinitambua kutoka kwenye picha nyuma ya kitabu.

"Ssebo, bwana, si ni wewe uliandika? Kwa duara letu tulikisoma chote."

Nikaiweka nyundo chini. Jamani, mtu haachi kiburi kwa siku moja. Nilinyoosha mgongo, nikangoja sifa.

"Kiswahili yako ni tamu," akasema. "Lakini ule msichana ulimfanyia nini? Kurasa zote zile, mama yake anajua yeye ni nani, padre anajua, mchumba anajua, wewe ndiyo unajua zaidi. Yeye hakuna mtu alimuuliza. Sisi wanawake tulikaa tukasema, huyu mtoto anasukumwa tu."

Nikamwambia yule mjane, hiyo ni mbinu ya usimulizi.

"Sawa," akasema. "Hili jiko halivuji majivu?"

Alipoondoka nilikasirika mpaka nikalikunja bati vibaya. Jumapili nikatoa nakala moja chini ya kitanda, nimwonyeshe alivyokosea. Nikatafuta mahali ambapo mtu anamuuliza msichana anataka nini. Nikatafuta mchana kutwa. Mimi ndiye niliyekiandika na sikupaona. Nilikuwa nimemfungulia mdomo mara moja tu, siku ya harusi, na yaliyotoka ni maneno yangu.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda Namuwongo bila karatasi. Mlango ulikuwa wazi, yeye yuko kwenye cherehani anapunguza suruali ya mtu. Nikakaa kizingitini. Nikakaa mpaka amalize mguu mmoja.

Nikasema, "Wewe ulikuwa unataka nini?"

Aliendelea kushona. Nilidhani hakusikia. Halafu akasema bila kuniangalia:

"Mimi nilitaka kuolewa. Nikae kwangu. Halafu siku moja niko jikoni, yeye anarekebisha redio, nimwambie kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimechagua mpaka maneno. Labda angekasirika. Labda angeniacha. Lakini ingekuwa ni mimi nimesema."

Namshukuru Mungu kwamba kwa mara ya kwanza sikujibu.

"Kaka, wewe hukudanganya. Kama ulidanganya, ningesimama pale niseme huyu ni muongo, ingeisha. Ulisema kitu ya kweli, halafu ukaimalizia. Sasa kila mtu ananiangalia nichague. Nikivaa hijabu wananong'ona. Nikipita kwa kanisa wananong'ona. Mimi bado sijui. Nilikuwa naweza kukaa bila kujua, nilikuwa sawa tu. Hiyo ndiyo ulinichukulia."

Akaugeuza mguu wa pili wa suruali. "Shika hapa," akasema, "kitambaa kinateleza." Nikashika.

Wapendwa, huo ndio wokovu wangu wote. Nilishika kitambaa. Hakunisamehe, na mpaka leo hajatamka neno hilo, nami simwombi tena. Yule fundi umeme ameoa kwingine. Jambo hilo halina dawa, na mtu akiwaambia kila kosa lina dawa, huyo anaandika riwaya. Mama bado ananiita mgeni, ila siku hizi anauliza kama nimeshiba. Mimi nimepata saa chache za kufundisha, na Jumamosi asubuhi niko Namuwongo nashika kitambaa. Kuna Ijumaa dada yangu anatoka amejifunika, kuna Jumapili anatoka hajajifunika. Simuulizi anakokwenda. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu mimi ni kazi kuliko zege.

Ninawashukuru. Mwenyekiti, ulinunua jiko ukaniachia maneno ambayo walimu wangu wote hawakunipa. Wenzangu wa Katwe hawako hapa, lakini walinitania nikiwa sitaki kuishi, na mtu anayetaniwa ni mtu ambaye bado anahesabika. Nanyi nyote mlionirudishia nakala zenu nilipowaomba ili nikiondoe kitabu kwa wasomaji, hata yule binti aliyekuwa amekipigia mistari kwa kalamu nyekundu na akalia kukitoa, asanteni.

Somo langu ni fupi. Humu ndani kuna wanaoandika, nimeona madaftari. Mnaandika kuhusu vijana wanaotafuta dini, mapenzi na kwao. Andikeni. Lakini ukimchukua mtu aliye hai, muulize, na akikuambia "nitajua mwenyewe", basi sura yako iishie hapo hapo, hata kama msomaji atakasirika. Aache akasirike. Msomaji atapata kitabu kingine.

Neno la mwisho nikae. Najua kuna mtu anajiuliza, huyu si amerudia leo kosa lile lile, anamtangaza dada yake mbele ya watu? Wiki iliyopita nilimsomea ushuhuda huu wote, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye kizingiti. Alicheka mahali pamoja. Mahali pawili alininyooshea kidole, akasema, hapo toa. Pa kwanza palikuwa pa kawaida. Pa pili palikuwa na maneno aliyoniambia siku ile baada ya mimi kushika kitambaa, na nilikuwa nimeyaandika vizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika maishani, na mimi kitu kizuri nakijua nikikiona. Mngetoka hapa mnalia.

Nimepatoa.